Kurekebisha Cherehani Kuukuu ya Kiwandani Nyumbani: Mwongozo kwa Mafundi wa Nguo wa Isiolo

Mwongozo huu ni wa fundi wa nguo mjini Isiolo na vitongoji vyake ambaye ameiacha cherehani ya kukanyaga kwa miguu, akanunua ya kiwandani iliyokwisha kufanya kazi kwingine, na sasa anaitumia nyumbani au barazani mwa duka. Mashine inayokusudiwa zaidi ni ile ya mshono mmoja ulionyooka, yenye sahani ya mafuta chini ya kichwa na mota iliyofungwa chini ya meza: Juki za jamii ya DDL, na nyingine nyingi zilizoundwa kwa mfano huo. Singer kongwe za chuma kizito zitatajwa pale tu zinapotofautiana.

Cherehani ikianza kuruka mshono, neno la kwanza linalosikika ni kwamba taimingi imetoka. Mara nyingi si kweli. Taimingi hushikwa na skrubu ngumu za chuma, nazo hazilegei zenyewe kwa sababu umeshona sare za shule usiku kucha. Huhama sindano inapogonga kitu kigumu, uzi unapojikaba ndani mtu akalazimisha gurudumu, au mkono fulani ulipozifungua skrubu hizo kabla mashine haijakufikia. Kwa hiyo utaratibu wa mwongozo huu ni kuanza na vitu vya bei nafuu na visivyohitaji spana: sindano, uzi, uchafu, mafuta, tensheni. Taimingi ni ya mwisho. Anayeanzia mwisho huishia na makosa mawili mahali palipokuwa na moja, na la pili amelitengeneza mwenyewe.

Kuitambua mashine na mota yake

Soma kibati kilicho kwenye kichwa, kisha kile cha mota. Ni vitu viwili tofauti, na katika soko la mitumba mara nyingi havikuzaliwa pamoja. Kichwa kinaweza kuwa kizima kabisa huku mota ikiwa haifai kwa nyumba yako.

Umeme wa majumbani Kenya ni volti 240, hezi 50, fezi moja. Kwenye kibati cha mota tafuta mambo matatu: volti, hezi na idadi ya fezi. Mota ya fezi tatu iliyotoka kiwandani haiwezi kuchomekwa kwenye soketi ya nyumbani. Muuzaji akikuambia kuna njia ya kuibadilisha kwa waya tu, mwache na mota yake. Mota ya volti 100 au 110, iliyotoka Japani au Marekani, itaungua papo hapo bila transfoma ya kupunguzia. Na iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee, ikitumiwa kwa hezi 50, hupungua kasi na huweza kupata joto kupita kiasi.

Mota za zamani nyingi ni za klachi. Hizi huzunguka wakati wote swichi ikiwa imewashwa, na kanyagio hufanya kazi ya kuunganisha mzunguko huo na kichwa. Hapa pana hatari ambayo wageni wa mashine hizi hawaitarajii. Ukizima swichi, mota huendelea kuzunguka kwa muda kwa nguvu iliyobaki. Mtu akidhani imeshazimika, akashika sindano huku mguu wake ukiegemea kanyagio, sindano itashuka kwenye kidole. Zima, chomoa plagi, ondoa mguu, usubiri mpaka mlio uishe kabisa. Ndipo mkono uingie chini ya mguu wa cherehani.

Kasi ya mashine hutokana na puli, na hili ni jambo ambalo fundi wa nyumbani anaweza kulitumia kwa faida yake. Mota ya klachi ya hezi 50 yenye kasi kubwa huzunguka takriban mara 2,850 kwa dakika. Kama puli ya mota na ya kichwa zina kipenyo sawa, kichwa nacho kitapiga mishono ipatayo 2,850 kwa dakika. Weka puli ya mota ya milimita 50 dhidi ya puli ya kichwa ya milimita 70, na kasi itashuka hadi kama 2,035. Juki DDL-8700 imeundwa kuvumilia hadi mishono 5,500 kwa dakika, lakini anayeshona dera la voili sebuleni hana haja na hata nusu ya kasi hiyo. Puli ndogo ya mota huipa mashine nguvu zaidi kwenye nguo nene, huufanya mguu uitawale kwa urahisi, na humpa nafuu mwanagenzi. Ukibadilisha puli, badilisha na urefu wa mkanda. Mkanda ukibonyezwa kwa kidole katikati uingie kama milimita 15. Ukikaza kupita hapo unaua beringi, na ukilegeza unateleza na kunuka mpira.

Mota ya sevo ndiyo badiliko lenye faida kubwa kuliko yote kwa anayeshonea nyumbani. Haizunguki ila unapokanyaga, haingurumi usiku wa manane jirani akalalamika, na kasi yake huwekwa kwa kitufe. Tokeni nazo hudumu zaidi. Udhaifu wake ni bodi ya elektroniki, ambayo haipendi umeme unaopotea na kurudi kwa kishindo. Stima ikipotea, chomoa plagi, uirudishe baada ya umeme kutulia.

Mota ya klachi ikinguruma bila kuzunguka, zima mara moja. Kuiacha hata kwa muda mfupi ni kuchoma waya zake. Mshukiwa wa kwanza ni kapasita. Kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo kazi hii mwachie fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, nawe uhakikishe kwamba kapasita mpya ina kipimo kile kile cha mikrofaradi, na volti zisizopungua za ile ya zamani. Waya wa kuunganishia mashine uwe wa nyuzi tatu, wa tatu ukiwa wa ardhi, kwa sababu kichwa cha cherehani na miguu ya meza yake ni chuma, na wewe umevikumbatia kutwa nzima.

Kinga ya mkanda mara nyingi huwa imepotea mashine inapofika kwa mnunuzi wa pili. Itengeneze, hata kwa bati. Kitambaa cha kichwa, ncha ya shuka au kidole cha mtoto havihitaji zaidi ya nukta moja kuvutwa ndani. Kwa anayeajiri hata mtu mmoja, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu zinazozunguka zikingwe.

Vumbi na mafuta

Isiolo ni mji wa vumbi kwa miezi mingi ya mwaka. Upepo wa alasiri huleta mchanga laini kutoka mitaani, na mchanga huo ukikutana na manyoya ya kitambaa na mafuta, hugeuka kuwa tope la kusagia chuma. Cherehani isikae mkabala na mlango unaoelekea barabarani. Ifunikwe kwa shuka zito kila kazi inapokwisha, na sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, mashine ikiwa bado imefunikwa.

Usipulize manyoya kwa mdomo, wala usiibebe mashine hadi kwa watu wa pancha wakaipuliza kwa kompresa. Hewa ya kompresa huja na maji, na nguvu yake husukuma uchafu ndani zaidi, kwenye njia za mafuta. Tumia brashi ndogo. Kila jioni toa kesi ya bobini, upige brashi pale ndoano inapozunguka. Mara moja kwa wiki, fungua bamba la sindano. Chini yake, katikati ya meno, utakuta manyoya yaliyoshindiliwa mpaka yakawa magumu kama ubao. Hayo ndiyo yanayoyazuia meno kushuka na kupanda sawasawa, na ni sababu ya mashine nyingi zinazosemekana kwamba hazivuti kitambaa.

Kukagua mafuta, inua kichwa ukilaze nyuma juu ya nguzo yake. Hakikisha nguzo hiyo ipo na imeingia sawasawa kwenye tundu lake: kichwa hukaribia kilo 30, na kikianguka huvunja mkono kabla hakijajivunja chenyewe. Ndani ya sahani utaona alama mbili, ya juu na ya chini. Mafuta yawe kati ya hizo mbili. Mashine ikiendeshwa, kioo kidogo kilicho juu ya kichwa kionyeshe mafuta yakirukaruka. Kisipoonyesha, ama mafuta yamepungua, ama kichujio cha pampu kimezibwa na manyoya. Zima, safisha kichujio, jaribu tena.

Mafuta ni yale meupe mepesi ya cherehani, basi. Mafuta ya kupikia hukauka yakawa gundi. Mafuta ya injini ni mazito na yana dawa zisizohitajika hapa, na yaliyokwisha kutumika huja na unga wa chuma wa gari la mtu mwingine. Mafuta yakibadilika rangi yakawa kahawia au meusi, yamwage yote, ufute sahani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Sahani nyingi zina sumaku ndogo: ifute na uangalie kilichonaswa. Unga laini ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa macho ni habari ya sehemu inayovunjika, na kazi isimame hadi ijulikane ni ipi.

Mashine iliyolala miezi mingi ghalani isiwashwe kwanza. Tia matone kwenye nguzo ya sindano, kwenye ndoano na kila kiungo unachokiona, kisha zungusha gurudumu kwa mkono ukilivuta upande wako. Ikiwa imekaba kwa gundi ya mafuta ya zamani, pakaza mafuta ya taa kwa brashi, iache usiku mmoja mbali na jiko na taa ya moto, ufute, halafu utie mafuta ya cherehani kila mahali mafuta ya taa yalipopita, kwa sababu mafuta ya taa husafisha lakini hayalainishi.

Ndoano nayo ina kipimo chake cha mafuta, na hujaribiwa kwa karatasi. Ondoa uzi na bobini, inua mguu, acha mashine izunguke dakika chache ipate joto. Shikilia karatasi karibu na ndoano, bila kuigusa, kwa sekunde tano, vidole vikiwa mbali. Mstari mwembamba wa matone ndio unaotakiwa. Karatasi ikitoka kavu, ndoano inaungua; ikitoka imelowa, nguo za wateja zitapata madoa. Skrubu ya kurekebishia hugeuzwa kidogo kidogo, na kila mgeuzo ufuatwe na karatasi mpya.

Singer kongwe za aina ya 31K hazina pampu wala sahani ya namna hii. Zina matundu, na kila tundu hudai tone lake kwa mkono kila siku ya kazi. Herufi K inaonyesha zilitengenezwa Kilbowie, Clydebank, kule Scotland, katika kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Anayekuuzia leo kipuri kipya cha mashine hizo na kuapa kwamba ni cha kiwandani kwao, anakuuzia nakala. Nakala si mbaya, mradi ipimwe kwanza kando ya ile ya zamani.

Sindano

Sindano ya kiwandani ina shina la mviringo. Ya cherehani ya nyumbani ina shina lililobapa upande mmoja, na haifai hapa hata ikikubali kuingia. Mashine nyingi za jamii ya DDL hutumia sindano ya DBx1, ambayo kwenye pakiti huandikwa pia 16x231. Jirani yake dukani ni DPx5, yenye shina nene la milimita 2. Ile ya DBx1 ni kama milimita 1.6. Ukiweka DBx1 kwenye mashine ya DPx5, sindano haikai katikati na mshono huruka bila mpangilio. Kabla ya kununua, soma kibati au upeleke sindano uliyoikuta ndani, lakini usiiamini peke yake: huenda mwenye mashine wa kwanza ndiye aliyekosea.

Shina la mviringo lina faida moja ambayo watu wengi hawaitumii. Liviringishe juu ya kioo. Sindano iliyonyooka huviringika ncha yake ikiwa imetulia, na iliyopinda huichezesha ncha juu na chini, hata pale ambapo jicho halikuona kasoro yoyote. Ikicheza, itupe kwenye chupa yenye kifuniko. Sindano kwenye sakafu ya nyumba yenye watoto ni balaa.

Kuiweka, isukume juu hadi igote, kisha uigeuze. Kwenye jamii ya DDL mfereji mrefu huelekea kushoto, uchongo mfupi ulio juu ya tundu huelekea kulia palipo na ndoano, na uzi huingia kutoka kushoto kwenda kulia. Usichukue maagizo haya ukayapeleka kwenye mashine ya aina nyingine bila kutazama ndoano yake iko upande gani. Kanuni isiyobadilika ni kwamba uchongo hutazama ndoano. Sindano ikigeuka hata kidogo tu, mshono huanza kuruka, na fundi asiyejua hukimbilia taimingi.

Ukubwa nao una maana. Voili na vitambaa vyepesi vya dera vinataka namba 9 hadi 11. Sare za shule za pamba iliyochanganywa na polista zinataka 14. Jinzi na kanvasi nyepesi, 16 au 18. Turubai la hema au la lori si kazi ya mashine hizi kabisa. Lina mashine yake yenye mguu unaotembea, na ukililazimisha kwenye DDL unanunua kesho matatizo ya taimingi ambayo leo huna.

Uzi na tensheni

Uzi ukijikusanya chini ya nguo kama kiota cha ndege, kosa liko juu. Jambo hili huwapotosha hata wazoefu, kwa kuwa macho yanaona fujo chini na mikono inakwenda kwenye bobini. Mguu ukiwa umeinuliwa, sahani za tensheni hufunguka, ukishushwa, hujifunga. Aliyepitisha uzi mguu ukiwa chini ameuacha uzi juu ya sahani badala ya katikati yake, na mashine inatoa uzi bila kizuizi. Inua mguu, pitisha uzi upya.

Kama uzi umepita vizuri na kiota bado kipo, angalia pini inayozifungua sahani hizo. Kwenye mashine kuukuu hukwama kwa uchafu. Au kiinua-mguu cha goti kimewekwa juu mno, hivyo kwamba hata mguu ukiwa umeshuka, kiungo bado kinaisukuma pini kidogo. Legeza kiungo cha goti mpaka kiwe na nafasi ndogo ya kucheza kabla hakijaanza kuinua.

Kipimo cha tensheni huanza chini. Toa kesi ya bobini, uining'inize kwa uzi wake. Ikianguka moja kwa moja, skrubu ndogo ya ubavuni imelegea. Isiposogea hata ukiutikisa mkono, imekazwa mno. Inayofaa hubaki imening'inia, na ukitikisa mkono hushuka kidogo ikasimama. Skrubu hiyo husikia hata robo ya mzunguko. Usiiguse kabla hujasafisha chini ya ule ulimi wa bati, maana unyoya mmoja hapo huiga tensheni iliyolegea. Bobini nayo isijazwe hadi ukingoni. Iliyofura huvuta uzi kwa kushtuka.

Baada ya hapo rekebisha tensheni ya juu. Weka uzi mweusi juu na mweupe chini, shona kwenye kipande cha kitambaa cha kazi yenyewe, kilichokunjwa mara mbili. Vitone vyeupe vikionekana juu, tensheni ya juu ni kubwa mno. Vyeusi vikionekana chini, ni ndogo. Fundo likizama katikati ya kitambaa, acha. Kipimo kilichofaa kwenye sare hakitafaa kwenye voili, na hilo si hitilafu.

Uzi unaokatika baada ya kuchakaa, ukaacha nywele kwenye sindano, unasuguliwa na kitu. Pitisha ncha ya ukucha kwenye tundu la bamba la sindano na kwenye ncha ya ndoano. Kucha huhisi mkwaruzo ambao macho hayauoni. Mkwaruzo mdogo huondolewa kwa msasa laini kabisa, wa namba 1000 kwenda juu, kwa kusugua polepole. Ncha ya ndoano yenyewe isifupishwe. Ikiwa ncha imevunjika au imekuwa butu, ndoano ni ya kubadilishwa.

Taimingi

Sasa, ikiwa sindano ni mpya na ya aina sahihi, uzi umepita sawasawa, kila kitu ni safi, na mshono bado unaruka, kuna haki ya kufungua chini. Chomoa plagi. Piga picha kwa simu kabla ya kila hatua. Chora alama ndogo kwa kalamu ya wino mahali sehemu mbili zinapokutana. Skrubu zote zikae kwenye kifuniko kimoja, na bisibisi iwe ya upana wa mfereji wa skrubu, isije ikaumiza kichwa chake.

Ondoa mguu, bamba la sindano, meno na kesi ya bobini, ili uone sindano na ndoano bila kizuizi. Kazi ya taimingi ni hii: sindano inashuka hadi mwisho, inaanza kupanda, na katika kupanda kwake uzi unafanya kitanzi kidogo kwenye ule uchongo. Ncha ya ndoano lazima ifike hapo wakati kitanzi kiko wazi. Ikiwahi, kitanzi hakijaumbika, ikichelewa, kimeshapita. Ndoano huzunguka mara mbili kwa kila mshono mmoja, kwa hiyo usishtuke ukiiona inapita pasipo kushika kitu.

Anza na urefu wa nguzo ya sindano. Zungusha gurudumu hadi nguzo ifike chini kabisa. Kwenye nguzo kuna mistari iliyochongwa: mstari wa juu wa jozi ya sindano yako uwe sawa na ukingo wa chini wa bushi ambamo nguzo hupita. Zikiwa jozi mbili, moja ni ya sindano ya aina nyingine, nawe utaijua yako kwa kutazama mahali tundu la sindano linapoangukia. Kama nguzo haiko sawa, legeza skrubu yake moja, isogeze, kaza. Isigeuke kwa mzunguko, maana sindano itageuka nayo.

Endelea kuzungusha gurudumu upande wako hadi nguzo ipande kama milimita 2 na mstari wa pili ufike kwenye ukingo ule ule. Simama hapo. Ncha ya ndoano iwe katikati kabisa ya sindano, juu kidogo ya tundu, kwa kadiri ya milimita moja hivi. Kama haipo, legeza skrubu za ndoano, izungushe kwa kidole mpaka ncha ifike katikati.

Kabla hujakaza, tazama nafasi kati ya ncha na sindano. Kipimo chake ni milimita 0.04 hadi 0.1. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina unene wa milimita 0.1 hivi, kwa hiyo nafasi inayotakiwa haizidi karatasi hiyo. Washa tochi ya simu kwa nyuma, uweke jicho usawa wa ndoano: uone uzi mwembamba wa mwanga, usioweza kuutaja kuwa pengo. Ndoano ikigusa sindano, itakula chuma chake yenyewe. Ikiwa mbali, itakosa vitanzi vya kitambaa chepesi kwanza, na ndiyo maana mashine nyingine hushona jinzi vizuri ikaruka kwenye voili.

Kaza skrubu moja, zungusha gurudumu, tazama tena. Kukaza kwenyewe huisogeza ndoano kidogo, na hapo ndipo watu hupoteza saa nzima wakidhani hawajui kazi. Kaza kidogo kila skrubu kwa zamu. Mwishoni kagua kile kidole cha chuma kinachozuia sehemu ya ndani ya ndoano isizunguke: kiwe katikati ya pengo lake, na uzi upite pale bila kubanwa. Zungusha kwa mkono mishono kadhaa ukiwa na uzi ndani, ndipo uwashe, kwa kasi ndogo.

Meno na mguu

Meno yakiwa juu kabisa yachomoze kwenye bamba kwa milimita 0.75 hadi 0.85 kwa kazi za kawaida. Voili hutaka pungufu, kanvasi zaidi kidogo. Sindano inaposhuka na kufika usawa wa bamba, meno nayo yawe yanazama usawa huo huo. Yakichelewa kuzama, yanakivuta kitambaa sindano ikiwa ndani, na sindano inapinda. Mguu ukiacha alama kwenye kitambaa chepesi, punguza mgandamizo kwa skrubu ya juu. Mguu uliochakaa upande mmoja hupeleka kitambaa kombo hata meno yakiwa mapya.

Vipuri

Msimu wa sare za Januari na wiki za kuelekea Idi si wakati wa kusubiri kifurushi kutoka Nairobi. Weka akiba: sindano za namba tatu unazotumia zaidi, kesi ya bobini moja, bobini kumi, mkanda mmoja, springi ya tensheni, ulimi wa kesi ya bobini na mafuta lita moja. Ndoano iagizwe inapoonyesha dalili, isisubiri kuvunjika.

Unapoagiza, tuma sehemu yenyewe ya zamani pamoja na picha ya kibati. Maelezo ya simu peke yake huleta kipuri kinachofanana kwa sura tu. Kesi ya bobini na bobini zijaribiwe pamoja: bobini nyembamba kuliko inavyotakiwa huchezacheza ndani na kuharibu tensheni isiyo na kosa. Skrubu za cherehani hizi zina nyuzi zake za pekee, si za milimita wala za kawaida za duka la vifaa vya ujenzi. Skrubu iliyopotea ikibadilishwa na yoyote inayokubali kuingia, huingia mizunguko miwili ya kwanza kwa upole, ya tatu kwa nguvu, na ya nne ikiwa imeharibu tundu la kichwa. Tundu likiharibika, kazi imekwisha kuwa ya mwenye mashine ya kukatia nyuzi. Sehemu ya zamani usiitupe hadi mpya iwe imeshona kazi ya wiki nzima.